Kila nikiosha tangi la samaki, maji yanageuka tui

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninakaa Tabata, Dar es Salaam. Sebuleni nina tangi la samaki la kioo la futi tatu, mwaka wa pili sasa. Ndani kuna samaki wadogo aina ya gapi kama thelathini, mmea ule mrefu wenye majani kama utepe, anubiasi mbili nilizozifunga kwenye gogo, na ule wanaouita upanga wa Amazoni. Kila baada ya wiki mbili nawatoa samaki nawaweka kwenye beseni, namwaga maji yote, nang'oa mimea, naosha kokoto na sponji ya filta kwa sabuni ya unga kidogo, nasuuza mpaka vinang'aa, halafu najaza maji ya bomba. Siku ya pili au ya tatu maji yanakuwa meupe kama tui na samaki wanapanda juu kuhema. Safari hii wamekufa saba, na mimea inaoza mizizi. Je, niwe naosha kila wiki? Au mimea ndiyo inayochafua, niitoe?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa hao saba. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu haifanani na nyingi ninazozipata. Kwa kawaida anayeniambia samaki wake wamekufa ameliacha tangi miezi mitatu bila kuligusa. Wewe umehangaika nalo kila wiki ya pili, umeng'oa, umesugua, umesuuza, na samaki wanakufa baada ya kazi yote hiyo. Inauma. Basi nianze na maswali yako mawili: usioshe kila wiki, na mimea usiitoe. Kinachowaua samaki wako ni huko kuosha kwenyewe.

Samaki hutoa amonia usiku na mchana, sehemu kubwa kupitia matamvua anapopumua. Chakula kilichobaki chini na jani lililooza huongezea. Amonia ni sumu, na ndani ya kioo haina pa kukimbilia. Wanaoiondoa ni bakteria. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: huingia kwenye damu ya samaki ikaizuia kubeba oksijeni, mpaka matamvua yanageuka rangi ya kahawia. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati ikiwa kidogo samaki huivumilia, na mimea huitaka kama mchicha unavyotaka samadi. Bakteria hawa hawaelei majini ila wachache sana. Wamejishika kwenye sponji, kwenye kokoto, kwenye kioo, hata kwenye majani. Ule utelezi unaousikia ukipitisha kidole juu ya gogo ni sehemu ya makazi yao.

Nao huzaliana polepole. Tangi jipya huchukua wiki nne mpaka sita kabla hawajatosha kuwahudumia samaki waliomo. Sasa piga hesabu. Unaosha kila wiki ya pili, kwa sabuni, mpaka vinang'aa. Tangi lako liko sebuleni mwaka wa pili, lakini halijawahi kutimiza wiki tatu za umri. Kila ukimaliza kuosha linaanza upya, likiwa na samaki thelathini wanaotoa amonia kuanzia dakika ya kwanza.

Hilo tui nalo ni bakteria, ila wa jamii nyingine: wale wanaokula mabaki, ambao huzaliana haraka mno. Ukishafagia kila kitu, wao ndio wanaowahi. Wanajaa majini kwa mamilioni mpaka maji yanapoteza uangavu, na wanatumia oksijeni ileile wanayoitaka samaki. Unaona tui, unadhani tangi limechafuka, unaosha tena. Hapo ndipo umekuwa ukizunguka mwaka mzima, na hakuna aliyekuambia.

Sasa tuwaokoe hao ishirini na watatu waliobaki. Usimwage tena maji yote. Kwa siku tano mpaka saba, kila siku toa karibu robo ya maji na kurudishia yaliyotayarishwa (nitaeleza kuyatayarisha). Tangi la futi tatu kama lako, ukiondoa kokoto na nafasi ya juu, lina maji kama lita 120, kwa hiyo robo yake ni lita 30: ndoo moja kubwa ya lita 20 na nusu ya pili. Chakula wape kidogo sana, siku moja wape, siku moja waache. Gapi mzima hafi kwa njaa ya siku mbili, lakini anaweza kufa kwa amonia ya chakula alichokiacha. Weka pampu ya hewa ifanye mapovu usiku na mchana. Sponji iliyokunywa sabuni itupe, nunua mpya. Hii ndiyo mara pekee utakayonisikia nikisema hivyo, kwa maana bakteria wa sponji hiyo wameshaondoka. Na kama una rafiki mwenye tangi linalokwenda vizuri, lisilo na samaki wagonjwa, muombe akukamulie sponji yake chafu kwenye ndoo, umimine maji hayo meusi karibu na mdomo wa filta yako. Najua moyo utasita kumimina uchafu kwenye tangi ulilolisugua. Mimina. Ndani ya ule weusi mna bakteria ambao wewe ungewasubiri mwezi mzima. Tui litaondoka lenyewe kwa siku chache.

Baada ya hapo, tangi lenye mimea linatunzwa kama bustani: unapunguza, unapalilia, unaacha udongo ukae. Kila wiki, siku uliyoichagua, toa robo ya maji kwa mpira. Tumbukiza mpira wote ndani ya tangi ujae maji, ziba ncha moja kwa kidole, ishushe kwenye ndoo iliyoko chini, achia. Usiunyonye kwa mdomo. Maji yakianza kushuka, pitisha ncha ya ndani juu ya kokoto kama unayefagia uwanja wa mchanga, ichukue kinyesi na mabaki yaliyolala juu. Pale palipo wazi unaweza kuizamisha kidogo. Chini ya upanga wa Amazoni usiizamishe kabisa, maana ule mmea hula kwa mizizi, na kinyesi kilichozama pale ndicho chakula chake. Mizizi yake huenea mbali kuliko unavyodhani, katika tangi kama lako inaweza kufika kioo hadi kioo. Ndiyo maana ulipokuwa unaung'oa kila wiki mbili ulikuwa unaoza: kila mara uliikata ile mizizi myembamba, ukaupanda tena ukiwa na vidonda.

Sponji ya filta iguse mara moja kwa mwezi, au pale unapoona maji ya filta yanatoka kwa unyonge. Na namna ya kuigusa ndiyo hii, naomba uishike vizuri. Maji uliyoyatoa kwenye tangi usiyamwage bado. Chukua sponji, izamishe kwenye ndoo hiyo hiyo ya maji ya zamani, ikamue mara tatu nne kama unavyokamua nazi iliyokunwa. Maji yatageuka kahawa nzito. Acha. Irudishe kwenye filta ikiwa bado ya kahawia. Ukijishika unataka ukamue mara moja zaidi ili iwe safi, weka chini, inatosha. Ile rangi iliyobaki ndiyo akiba yako. Kabla hujamwaga ndoo, inamisha pua unuse. Filta yenye afya hunuka udongo uliopata mvua ya kwanza. Ikinuka yai viza, ujue mahali fulani maji hayapiti, pamekosa hewa, na hapo ndipo pa kuchunguza. Mimi huanza na pua kabla ya kipimo chochote.

Na usifanye yote siku moja. Wiki unayokamua sponji, kokoto ziache. Wiki unayofagia kokoto, sponji iache. Hivyo daima panabaki mahali ambapo bakteria hawajaguswa, na kutoka hapo huenea tena.

Sabuni isiingie tena kwenye tangi, wala kwenye ndoo, wala kwenye mpira. Sabuni huondoa ule ute unaomkinga samaki na kuunguza matamvua, na kwenye kokoto hujificha hata ukisuuza mara kumi. Nunua ndoo mbili za tangi tu, uziandike kwa rangi, na watu wote wa nyumbani wajue hazifuliwi nguo. Kioo kwa nje kifute kwa kitambaa chenye maji matupu. Dawa za kupuliza za kung'arishia vioo huingia kwenye maji kupitia juu, na nimeshaitwa kwenye sebule moja ambako samaki wa tangi zima walilala ubavu saa chache baada ya meza na vioo kung'arishwa kwa ajili ya wageni.

Turudi kwenye maji ya kurudishia. Maji ya bomba ya jiji yana klorini, na imewekwa ili iue bakteria, basi haiwezi kuwabagua wa kwako. Yajaze kwenye ndoo jana yake, yaache wazi saa 24, ukiweza tumbukiza jiwe la hewa lifanye mapovu usiku kucha, klorini itapaa. Ukiwa na haraka, maduka ya samaki huuza matone ya kuondoa klorini, mengi yake yametengenezwa kwa sodiamu thaiosalfeti, nayo hufanya kazi kwa dakika chache. (Ndugu zetu wanaosoma wakiwa Marekani wajue kwamba miji mingi huko hutumia kloramini, ambayo haipai kwa kuachwa wazi. Kwao matone ni lazima.) Maji ya tangi la juu ya paa usiyateke saa nane mchana, yanakuwa ya moto. Teka alfajiri.

Nadhani bomba likikauka unatumia kisima, kama nyumba nyingi za Dar. Onja kwanza. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na maji ya visima mara nyingi ni magumu, yaani yenye madini mengi, na pH yake (kipimo cha uchachu, 7 ikiwa katikati) hupanda juu ya 7. Gapi na mmea wako wa utepe watavumilia vizuri. Huo mmea, jina lake la kitaalamu Vallisneria, huota hata Ziwa Tanganyika ambako maji ni magumu na pH yake inakaribia 9. Ila kuna hatari moja unayotakiwa kuijua. Kwenye maji ya pH 7, chini ya sehemu moja katika mia ya amonia ndiyo iliyo katika umbo lenye sumu kali. Kwenye pH 8 inafika kama tano katika mia. Amonia ileile, tangi lilelile, sumu mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo ukimwaga maji laini yote ghafla na kujaza ya kisima, samaki wanapigwa mara mbili. Changanya kidogo kidogo. Masika inapofika, kinga maji ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kinga inayofuata, na uchanganye nusu kwa nusu na ya kisima. Mimea itakushukuru kwa rangi.

Uliniuliza kama mimea ndiyo inayochafua. Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alieleza jaribio alilolifanya kwenye chombo chenye samaki wawili wa dhahabu na mmea wa Vallisneria, huo huo wa utepe ulio nao. Majani ya zamani yalianza kuoza na kuchafua maji. Akaongeza konokono wa majini wakayala yale yaliyooza, na maji yakatulia. Somo lake bado ni letu: mmea ulio hai husafisha, jani lililokufa huchafua. Mmea unaokua hunywa amonia moja kwa moja, hata kabla bakteria hawajaifikia, na mchana hutoa oksijeni. Kazi yako ni kuondoa jani kabla halijaoza. Jani la upanga likigeuka njano, lifuate mpaka kwenye shina ulikate hapo kwa mkasi, usilivute. Mmea wa utepe ukirefuka ukafunika uso wa maji, punguza, na watoto wake wanaotambaa pembeni wahamishie unapotaka. Anubiasi usiifukie lile shina nene linalolala kama tangawizi, likifukiwa linaoza. Ulivyoifunga kwenye gogo umefanya sawasawa, maana kwao, kwenye mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, mara nyingi hushika mawe na magogo hivyo hivyo. Ukipata shada la mkia wa mbweha wa majini, Ceratophyllum, lile lisilo na mizizi, liachie lielee wiki hizi za dharura. Hukua haraka na kunywa amonia sana.

Wala usishtuke upanga wako ukimwaga majani baada ya misukosuko hii. Tazama katikati. Kama chipukizi la ndani ni gumu na la kijani, mmea uko hai, uache palepale.

Hukuniuliza kuhusu ule ukijani wa kwenye kioo, ila ukiacha kuosha utaona unakuja, na sitaki ukutie hofu ukarudi kwenye sabuni. Ni kawaida. Ukwangue kila wiki kwa kadi ya zamani ya benki kabla ya kutoa maji. Ukizidi, chanzo chake ni mwanga mwingi au chakula kingi. Taa iwake kwa jumla ya saa 6 mpaka 8 kwa siku, zaidi ya hapo huisaidii mimea, na jua la dirishani lisipige kioo. Chakula kiwe kile wanachokimaliza kwa dakika mbili, mara moja kwa siku, na siku moja katika wiki wafunge. Gapi jike huzaa karibu kila baada ya wiki nne, kwa hiyo hesabu yako ya thelathini haitabaki thelathini. Gawa mapema.

Umeme ukikatika, filta inasimama, na bakteria walio ndani yake wanakosa oksijeni. Saa moja mbili si neno. Zikifika tano sita, toa sponji ilaze kwenye beseni la maji ya tangi yanayoifunika kidogo tu ili ipate hewa. Mwaka mmoja nilipoteza samaki kumi na mmoja wa kwangu mwenyewe kwa sababu sikuamka usiku. Umeme ulikatika kwa muda wa saa tisa nzima, filta yangu ilikuwa ya aina ya mtungi uliofungwa, na uliporudi alfajiri ikamwaga kwenye tangi maji yaliyooza humo ndani. Nilizikuta sakafuni mwa tangi zile tetra nilizozilea miaka mitatu. Tangu hapo filta iliyozimika usiku kucha siiwashi kabla sijakamua sponji kwenye ndoo, na nina pampu ndogo ya hewa ya betri kwenye droo. Joto la Januari na Februari huzidisha tatizo: maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Na usiku mimea nayo huvuta oksijeni. Siku hizo usilishe mpaka umeme urudi.

Kuna jambo moja sitanii nalo. Usichukue mimea wala konokono kutoka madimbwi, mabonde ya mpunga au mitaro, hata wakipendeza vipi. Konokono wa jamii ya Bulinus na Biomphalaria hubeba vimelea vya kichocho, na aliyeambukizwa huendelea kuviachia majini kwa wiki nyingi, nawe mikono yako iko humo kila wiki. Nunua mimea kwa muuzaji anayeizalisha kwenye matangi yake. Ukiwa na kidonda mkononi, vaa glavu. Upande wa pili wa jambo hilohilo: vipande unavyovikata usivitupe mtaroni wala mtoni. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini likiwa mmea wa mapambo, likaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi wa Mwanza na Kisumu wanajua lilivyoziba mialo yao. Vikaushe juani kabisa, kisha vifukie.

Yale maji ya zamani uliyokamulia sponji, yaliyo rangi ya kahawa, yapeleke kwenye mchicha au maua ya kibarazani. Yamejaa nitrati. Baada ya wiki sita niandikie tena: niambie ukinusa ndoo unasikia nini, na lile chipukizi la upanga limetoa majani mangapi.